Ciarunji Hakusema Hivyo

Baba,

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara ya kwanza niliandika kwa Kiembu, nikafika mstari wa pili, machozi yakanishinda. Mara ya pili nikajaribu Kiingereza ninachofundisha kila siku, nikaona haya, maana Kiingereza ndicho kilichotufikisha hapa. Sasa naandika kwa Kiswahili, lugha iliyokulisha miaka thelathini ukiwa umesimama katikati ya watu wasioelewana. Kwa Kiswahili mkono wangu unatulia kidogo.

Ni miezi kumi na moja tangu tukuzike. Mama anaendelea. Anakula kidogo, analala sana, na amehamia chumba cha mbele kwa sababu anasema kile chenu kimeingia baridi. Kahawa imechanua, ila ndugu yangu Nyaga alimleta mtu wa kuipogoa, akaikata ovyo kama anayetafuta kuni. Ungemfukuza huyo mtu kwa fimbo yako. Wajukuu zako huku mtaa wa Dallas, Embu mjini, wameacha kuniuliza kama utakuja Jumapili.

Lakini sikushika kalamu kukupa habari za kahawa. Nataka ujue kwamba nilikwenda. Ulinituma, nikachelewa, kisha nikakwenda. Nitakueleza yote, na yale yatakayokuuma pia, kwa sababu ni wewe uliyenifundisha kwamba mkalimani hana ruhusa ya kupunguza neno la mtu.

Nianze na neno lenyewe. Dispute. Nilikuwa darasa la saba mwalimu aliponichagua kusema upande wa kupinga katika mdahalo wa shule. Nilikuja nyumbani nikakuuliza maana yake. Baba mwingine angesema, "Ni ugomvi," yakaisha. Wewe ulichukua mkasi wa kahawa, ukanishika mkono, tukashuka shambani.

"Hili neno Waingereza hawakulizaa," ukaniambia. "Walilipata kwa Wafaransa, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini. Ndani yake kuna putare. Unajua putare ni nini? Ni hii." Ukakata chipukizi moja refu, likaanguka miguuni pangu. "Kupogoa. Watu wa zamani walikuwa wakipogoa mizabibu yao, wakaona hata mawazo yanahitaji kupogolewa. Kwa hiyo putare ikawa pia kufikiri, kupima jambo. Ukiweka dis mbele, ni kutenganisha, hili huku na lile kule. Dispute ya kwanza kabisa haikuwa vita, Marigu. Watu walikaa, wakakata maneno mabovu, mpaka lile la kweli likabaki limesimama."

Niliyasema hayo yote kwenye mdahalo, na tukashindwa vibaya. Hakuna aliyenielewa. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Halafu miaka ikapita na wewe hukuliacha hilo neno. Ulinunua kamusi nene ya Kiingereza, ukurasa wa neno hilo ukalegea kwa kufunguliwa. Ulipanda baiskeli mpaka misheni, wewe Mprotestanti, kumuuliza padre Mwitaliano jinsi wasomi wa zamani walivyokuwa wakibishana mbele ya walimu wao, kila mmoja na upande wake, na mwisho wakale pamoja. Kila msomi aliyepita kwetu ulimkalisha ukamuuliza. Ilikuwa lini neno la kujadiliana likageuka neno la kugombana? Na sheria ililichukuaje, likawa kukataa dai la mwenzako? Ulijua kwamba hata askari anaweza ku-dispute kilima, yaani asikitoe bila kupigana. Ulirudi siku moja kutoka kwenye mkutano wa wafanyakazi na mwajiri wao, ukatuambia mezani kwamba huko nako waliliita dispute, ingawa watu walikuwa wamekaa tu wamekunja mikono. Mama alikuwa akisema, "Mwacheni na neno lake, litamzika."

Mimi nilikuja kuwa mwalimu wa Kiingereza kwa sababu ya neno hilo. Nimewaambia wanafunzi wangu, darasa baada ya darasa, kwamba nilizaliwa na mtu aliyependa lugha. Nilidhani ni mapenzi, Baba. Kumbe ulikuwa unatafuta mlango wa kutokea.

Ulinieleza siku ya tatu baada ya kukatwa mguu. Kisukari kilikuwa kimeula mpaka gotini. Asubuhi ile ulikuwa umenichekesha, ukisema hata neno la madaktari la kukata kiungo lina putare ndani yake, kwamba wamekupogoa kama kahawa. Muuguzi akabadilisha bandeji, akaondoka. Ndipo ukaniambia nivute pazia.

"Marigu," ukasema, "kuna mama nilimnyang'anya shamba."

Nilifikiri ni dawa. Ukanishika mkono kwa nguvu, nikajua si dawa.

Nayarudia hapa ulivyoyasema, ili kama nilisikia vibaya roho yako inikosoe. Ilikuwa wakati wa kupimwa mashamba huko Mbeere. Waliopinga mipaka walikuja kusikilizwa katika darasa la shule moja ya msingi, shule ikiwa imefungwa. Afisa wa ardhi alitoka mbali, hakujua Kimbeere hata salamu. Alikaa kwenye meza ya mwalimu na faili zake, wewe ukasimama kando, wenye mashauri wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamepanda juu. Akaitwa mjane mmoja, Ciarunji. Bwana yake, Njagi, alikuwa amekufa, na shemeji yake Ireri alikuwa ameliandikisha shamba la Njagi kwa jina lake mwenyewe. Afisa akauliza kwa Kiingereza kama anapinga, yaani kama ana dispute na dai la Ireri. Wewe ukamuuliza kwa lugha yake, "Una ngarari na Ireri?"

Ngarari. Kubishana, kurushiana maneno. Mama wa watu alikuwa ameokoka, Baba. Kila Jumapili alifundishwa kwamba mkristo hana ngarari na mtu. Na Ireri ndiye aliyekuwa amewalisha watoto wa Ciarunji kiangazi cha mwaka ule. Akajibu, "Mimi sina ngarari na mtu." Ukageuka kwa afisa, ukamwambia kwa Kiingereza kwamba hapingi. Afisa akaandika.

Miaka yote, ukaniambia, ulijitetea kwa hilo. Neno lina maana nyingi. Kosa lilikuwa la neno. Kama Waingereza wasingeliharibu, kama lingebaki lile la Kilatini la kupambanua, ungemuuliza vizuri, naye angejibu vizuri. Ndiyo maana ya kamusi na padre.

Halafu ukafumba macho. Nikadhani umelala.

"Hakuwa amemaliza," ukasema. "Alivuta pumzi akaendelea. Alisema, shamba ni la watoto wa Njagi, na mimi silitoi. Nilimsikia vizuri kama ninavyokusikia wewe. Afisa alikuwa ameshafunga faili, ameita jina lingine. Watu walikuwa wengi, jua lilikuwa kali kwenye mabati. Nikaona nikimrudisha nyuma atanikaripia mbele ya watu. Nikanyamaza."

Uliniambia niende nimwambie. Nikakuahidi. Jumamosi ile nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, iliyofuata mvua ilikata barabara, na ile ya tatu tulikuwa tunachimba kaburi lako. Ukweli ni kwamba mvua haikukata barabara yote. Niliogopa.

Baada ya mazishi nilimwambia Nyaga. Tulikuwa tumesimama kwenye boma, yeye anafunga ng'ombe. Hakunitazama.

"Achana na hiyo story," akasema. "Mzee ameshalala. Nani alikuuliza?"

"Yeye ndiye aliyenituma."

"Alikuwa mgonjwa. Mtu mgonjwa anasema chochote. Unataka watu wa Mbeere waje hapa na mapanga wadai shamba letu?" Akafunga fundo. "Ukienda, usiniite ndugu yako."

Nilikaa miezi minne, Baba. Miezi minne nikifundisha watoto kuandika insha za hoja, na kila nilipoandika neno hilo ubaoni chaki ilinivunjikia. Mwisho nikaenda, bila kumwambia mtu.

Nilimpata Ciarunji huko Siakago, nyuma ya soko, katika chumba kimoja cha kukodi anachoishi na binti yake Rwamba, mwuzaji wa ndengu na kunde. Nilifikiri nitakuta mwanamke mwenye hasira. Nilikuta bibi kizee wa umbo dogo, macho yamefunikwa na ukungu, amekaa kwenye gunia akichambua ndengu kwa vidole, mawe huku na ndengu kule, bila kuona. Nilimsalimu, "Cucu," kama tunavyowaita nyanya zetu. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikataja jina lako, na kazi yako.

"Mkalimani," akasema. "Yule wa koti la kahawia?"

Nikasema ndiyo.

"Alinipa maji."

Sikuelewa. Rwamba akaacha kupima ndengu.

"Siku ile ya shamba," Ciarunji akasema. "Nilitoka nje nikaketi. Yeye akanifuata na kikombe cha maji, akanipa, akarudi ndani bila kusema kitu. Hakuna mtu mwingine aliyenipa kitu siku ile. Nimemwombea mpaka leo kwa sababu ya hayo maji."

Hukuniambia habari ya maji, Baba. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani ndiyo sehemu uliyoshindwa kuisema.

Nilimwambia yote. Sikupamba. Kwa Kiembu changu, naye akanisikia vizuri, maana lugha zetu ni dada. Nilipofika mahali aliposema "silitoi," alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetambua sauti ya mtu aliyemfahamu zamani.

"Nilisema hivyo," akasema. "Nilijua nilisema hivyo. Baadaye waliniambia sikusema, nikafikiri labda niliyasema moyoni tu."

Rwamba ndiye aliyelia. Alisimama mlangoni akatupa mgongo, akanieleza kilichofuata. Kaka yake Njue, aliyekuwa amefika kidato cha pili, alikwenda ofisini kusoma faili. Akakuta mstari mmoja wa Kiingereza unaosema mjane hapingi dai. Akarudi nyumbani akamuuliza mama yake mbele ya majirani: "Ulisema hupingi?" Mama akajibu, "Nilisema sina ngarari na mtu." Njue akamwambia, "Basi umetuuza ili uitwe mkristo mzuri." Akafunga nguo zake. Hajarudi. Yuko Timau, kwenye mashamba ya maua, ana mke na watoto ambao nyanya yao hajawashika. Ireri alikufa, na hati ya shamba iko kwa mwanawe Mbogo. Na Ciarunji, tangu siku ile, hakusimama tena kusema mbele ya watu. Si kanisani wala kwenye chama cha akina mama. Hata kwenye harusi ya Rwamba mwenyewe, alipoitwa kutoa neno la mzazi, alitikisa mkono akakaa.

Nilipiga magoti kwenye ule udongo, Baba. Nikamwambia wakienda mahakamani, niko tayari kula kiapo. Aliniacha niseme. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu.

"Njue anajua?"

Hakuuliza juu ya shamba.

Nilipanda Timau wiki iliyofuata. Unajua baridi ya huko, upepo unashuka kutoka mlimani kama mtu ameacha mlango wazi. Nilimngoja Njue nje ya geti saa ya chakula cha mchana. Akatoka mwanamume mwenye mvi, gambuti miguuni na sweta mbili, mikono imechanjwa na miiba ya waridi. Nilipomwambia nimetoka kwa mama yake, akageuka arudi ndani.

"Hakusema hivyo!" nikapiga kelele. Walinzi wakanitazama. "Mama yako hakusema hivyo. Alisema shamba silitoi. Baba yangu alimsikia akanyamaza."

Alisimama. Wafanyakazi walitupita wakiwa na vyombo vyao vya chakula. Kisha akarudi, akasimama karibu sana nami, nikanusa dawa ya maua kwenye nguo zake.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Akataka nirudie kwa Kimbeere, maneno yenyewe, jinsi wewe ulivyonitajia. Nikajaribu. Alikaa chini ukingoni mwa mtaro, gambuti ndani ya maji, hakujali.

"Mimi nilisoma kile kikaratasi kwa macho yangu," akasema. "Kiingereza nilikijua. Nilijisifu kwamba nyumbani kwetu ni mimi tu ninayejua. Sikumuuliza alichosema. Nilimuuliza kilichoandikwa." Akachomoa mwiba kwenye kiganja. "Nina mtoto wa kike anaitwa Ciarunji. Tunamwita hivyo kwa sababu ni desturi, nikawa namwita kwa hasira."

Nikamwambia pole. Ni neno dogo sana, lakini ndilo nililokuwa nalo.

"Baba yako alizikwa wapi?" akauliza.

Nikamwambia nyumbani kwetu Kianjokoma, chini ya kahawa. Akainuka, akarudi kazini. Hakuniaga.

Siku tano zilipita nikaamini nimeharibu zaidi. Siku ya sita Rwamba akanipigia simu. Njue alifika asubuhi kwa mguu kutoka stendi, na begi dogo, na yule mtoto wa kike amemshika mkono. Ciarunji alikuwa ameketi mahali pake. Alisikia hatua mlangoni, akainua uso. Rwamba anasema Njue alisimama pale akifungua mdomo na kuufunga. Mama yake akanyoosha mkono hewani, akamshika sweta, akaivutavuta kama anayepima kitambaa.

"Umekula?" akamuuliza.

Ni hilo tu, Baba, baada ya miaka yote hiyo. Njue akasema hapana. Akaletewa uji, akaunywa amepiga magoti, kwa sababu hakuachiwa sweta. Kuhusu shamba hawakusema chochote siku ile. Waliongea juu ya mbuzi mmoja wa zamani aliyekuwa akila nguo kwenye kamba.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa natunga hadithi, ningeishia hapo.

Ciarunji alikufa siku ya tisa baada ya Njue kurudi. Alikuwa amezeeka, kifua kilikuwa kimemchosha tangu mvua za mwanzo. Alitaka kulazwa kando ya Njagi, na kaburi la Njagi liko ndani ya lile shamba. Njue na wazee wawili wa ukoo walikwenda kwa Mbogo kuomba nafasi ya kaburi tu. Nami nilikwenda nikasimama nyuma. Nilisema mbele ya chifu na watu wote yale uliyoniambia. Sauti ilinitoka vibaya lakini nilimaliza. Mbogo si mtu mbaya, Baba, hilo ndilo lililonichosha. Alisikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Mimi nilikuwa sijazaliwa," akasema. "Nimekuta baba yangu analima hapa, nikalima. Nikiruhusu kaburi leo, kesho mtaleta wakili mseme kaburi ni ushahidi. Mimi pia nina watoto."

Tukaondoka. Walimzika kwenye uwanja wa kanisa huko Siakago, karibu na ua, mahali wanapozikwa wasio na kwao. Njue alichimba mwenyewe. Ardhi ya kule ni kavu na mawe, sululu ilikuwa ikilia kila ilipogonga. Mchungaji alipouliza kama familia ina neno, Njue alisimama. Alisema, "Mama yangu alisema shamba ni la watoto wa Njagi, na yeye halitoi. Alisema hivyo akiwa hai, mbele ya serikali. Nataka mjue alisema." Akakaa. Wale akina mama wa kanisa, waliokuwa naye miaka yote wakimwona bubu, walitazamana.

Wiki mbili baadaye Njue alikuja Kianjokoma. Sikumwalika. Mama alinipigia simu akisema kuna mgeni anauliza kaburi lako, nikaendesha gari kama mwendawazimu, nikidhani ni yale mapanga aliyoyaogopa Nyaga. Nilimkuta amesimama juu yako. Hakuvua kofia.

"Sijaja kumsamehe," akaniambia kabla sijafika. "Nimekuja nimwone alipolala, nijue ni mahali. Miaka yote nilikuwa namchukia mtu asiyestahili. Huyu sasa namjua."

Nikamwambia ana haki.

"Alijua mimi niko wapi?"

"Hakujua. Hakuuliza. Nadhani aliogopa kuuliza."

Alitikisa kichwa. Nyaga alikuwa ametokea kwenye kona ya nyumba, jembe mkononi, akasimama hapo. Walitazamana kwa mbali, wanaume wawili wa umri mmoja. Hakuna aliyesogea. Mama akatoka na chai kwenye sinia, akamwekea mgeni kikombe juu ya kigogo, akamwambia, "Kunywa, mwanangu, umetoka mbali." Njue alikitazama kikombe kwa muda. Hakukigusa. Alimshika Mama mkono kwa heshima, kwa mikono yake yote miwili, akashuka barabarani. Chai ilibaki pale mpaka ikafanya utando.

Mama alijua, Baba? Nilimuuliza jioni ile. Alisema alijua kuna kitu, kwa sababu ulirudi siku ile kutoka Mbeere ukakataa kula, na wewe hukuwa mtu wa kukataa chakula. Hakuuliza. Alisema ndoa ndefu ina vyumba ambavyo mtu hafungui. Kisha akaenda kulala mapema.

Sasa nikueleze mambo yalipofikia. Rwamba na Njue wamefungua kesi katika mahakama ya ardhi, Embu mjini. Wakili wao amewaambia ukweli: miaka ni mingi, afisa alishakufa, hati ya kwanza kutolewa kwa shamba ni ngumu kuivunja, na walio na haki hushindwa mara nyingi. Ushahidi walio nao ni mimi, na mimi nilisikia kutoka kwa mtu aliyekufa. Nimekula kiapo na kutia sahihi. Nyaga haongei nami. Kwenye harusi ya binamu alihama meza. Watu wa kanisani kwetu wamegawanyika, wengine wanasema nimekuaibisha kaburini, wengine wananishika mkono kimyakimya bila kusema kwa nini. Mwalimu mwenzangu aliniuliza nitapata faida gani. Nikachukua chaki nikaingia darasani.

Kuna siku nakukasirikia, Baba, mpaka naogopa. Nakumbuka zile alasiri za kahawa, furaha niliyokuwa nayo nikikusikiliza, na nataka unirudishie, kwa sababu sijui sasa ni zipi zilikuwa zangu na zipi zilikuwa za Ciarunji. Na kuna siku nasikia fimbo yako kwenye saruji ya mlangoni, nainuka nikuwekee kiti. Yote mawili yako ndani yangu, na yanakaa pamoja.

Kesi itasikilizwa mwezi ujao. Wakili amenielekeza niseme ulikuwa umechoka, kwamba mashauri yalikuwa mengi, kwamba jua lilikuwa kali. Ni kweli, yalikuwa hivyo. Wakiniuliza nitajibu, ila sitaanza na hayo. Nitataja jina lako lote, pamoja na la babu. Nitasema mjane alisema nini, nitasema ulimsikia, nitasema ulijua. Na wakitaka kujua ulikuwa mtu wa namna gani, nitawaambia ulikuwa mtu mwema aliyefanya jambo baya na akaishi nalo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na hii sitaichelewesha.

Tukishindwa, nitapanda na Njue mpaka Timau nikawaeleze mimi mwenyewe watoto wake, mmoja mmoja, kilichosemwa na nyanya yao. Tukishinda, nitafanya vivyo hivyo.

Pumzika kama utaweza, Baba. Kwaheri.

Mimi mwanao,
Marigu